George Mikan: Mseminari wa Zamani Aliyevaa Namba 99



Likizo iliyopita tulikwenda mafrateri watatu Mchikichini, kwenye soko la mitumba pale Karume, kutafuta raba za kuchezea. Uwanja wetu wa kikapu hapa seminarini una sakafu ya saruji iliyokwaruzika, nayo inakula soli kama msasa. Mchikichini kuna raba za kila aina, na bei inategemea unavyojua kuzungumza na saa uliyofika: asubuhi belo likifunguliwa ni bei nyingine, na jioni muuzaji akitaka nauli ya kurudi nyumbani ni nyingine kabisa. Pembeni ya raba zilitundikwa jezi. Mojawapo ilikuwa ya njano, imeandikwa Lakers. Mwenzetu mmoja anayependa sana maana za maneno akauliza neno hilo maana yake nini. Tukamwambia ni watu wa maziwa, kama Ziwa Victoria au Tanganyika. Akauliza tena: Los Angeles kuna maziwa gani? Hatukuwa na jibu.

Jibu tulilipata baadaye, na lilitufikisha kwa mtu ambaye hatukutegemea kukutana naye kwa njia ya jezi ya mitumba. Timu ile haikuanzia Los Angeles. Ilianzia Minneapolis, katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, nchi yenye maelfu ya maziwa ambayo wakati wa baridi huganda hadi watu hutembea juu yake. Ilipohamia Los Angeles mwaka 1960 ilibeba jina lake. Aliyeipa timu hiyo umaarufu ilipokuwa bado kwao ni George Mikan, kijana aliyewahi kukaa kwenye madawati ya seminari ndogo akitaka kuwa padre. Ndiyo maana tumeona habari zake zina nafasi katika jarida hili.

Alizaliwa tarehe 18 Juni 1924 katika mji wa Joliet, kusini-magharibi mwa Chicago. Upande wa baba asili yao ilikuwa Kroatia, upande wa mama Lithuania, mataifa mawili ya Kikatoliki yaliyopeleka watu wengi kutafuta kazi kwenye viwanda vya Marekani. Wazazi wake walikuwa na mgahawa. Alipokuwa mdogo alikuwa hodari wa gololi. Kisha akavunjika goti vibaya, akalala kitandani mwaka mmoja na nusu. Tujaribu kufikiri hilo: mtoto wa kiume, miezi 18, anasikia wenzake wakicheza nje.

Alikua mrefu kupita kiasi, hata akafikia sentimita 208, na macho yake yalikuwa mabovu, akavaa miwani minene. Leo mtu wa urefu huo akipita Kariakoo watu watamuuliza kama anacheza kikapu. Sisi Watanzania tulimwona kijana wetu wa Dar es Salaam, Hasheem Thabeet, akichaguliwa wa pili kati ya wachezaji wote walioingia NBA mwaka 2009, na tangu hapo urefu una heshima mtaani. Miaka ya 1930 haikuwa hivyo. Makocha wengi waliamini mtu mrefu ni mzito, hana wepesi, na mpira ni wa watu wafupi wanaokimbia. Urefu ulikuwa aibu. Mikan alitembea akiwa ameinamisha mabega ili aonekane mfupi.

Mwaka 1938 aliingia Quigley, seminari ndogo ya Jimbo Kuu la Chicago. Nia yake ilikuwa upadre. Hakumaliza huko. Alirudi kwao Joliet na kumalizia sekondari katika shule ya Kikatoliki ya mji huo.

Hapa tunaomba msomaji atuvumilie tusimame kidogo. Katika parokia zetu, kijana anapokwenda seminari jumuiya inampigia vigelegele, wamama wanachanga, jina lake linatajwa kwenye matangazo ya Dominika. Anapoondoka, hakuna anayejua la kumwambia. Wengine wanasema amefukuzwa, wengine wanasema ameshindwa masomo, wengine wanasema ni msichana. Mama yake anaacha kukaa benchi la mbele. Tumewaona wenzetu wakiondoka kwa utulivu, baada ya kusali na kuzungumza na mlezi wao, lakini wakaogopa kurudi mtaani kwao kuliko walivyoogopa mtihani wowote. Gombera na walezi wanatuambia kila mwaka kwamba seminari ni mahali pa kupambanua, na kupambanua kwa kweli kuna majibu mawili. Tunaitikia kwa kichwa. Lakini moyoni wengi wetu tunaamini jibu moja tu ndilo ushindi. Tunakiri hivyo kwa sababu nasi tumo katika wengi hao.

Mikan naye aliondoka na kukutana na mlango uliofungwa. Alikwenda kujaribiwa katika Chuo Kikuu cha Notre Dame, chuo cha Kikatoliki chenye jina kubwa kuliko vyote katika michezo ya Marekani. Kocha George Keogan alimtazama akicheza, akamwona hana mwendo, akamshauri arudi Chicago akazingatie masomo. Akarudi, akajiunga na chuo cha DePaul, kilichoanzishwa na mapadre wa Shirika la Mtakatifu Vinsenti wa Paulo mwaka 1898.

Mwaka 1942 DePaul ilipata kocha mpya, Ray Meyer, mwenye umri wa miaka 28. Meyer naye alikuwa amesoma Quigley akifikiria upadre, kisha akahama. Kwa hiyo kazi tunayotaka kuisimulia ilifanywa na waseminari wawili wa zamani wa shule moja, mmoja akimfundisha mwingine kutembea.

Tunasema kutembea kwa maana yake halisi. Meyer hakuanza na mpira. Alimrusha kamba kama mtoto wa shule ya msingi, akampeleka kupiga ngumi, akamtafutia msichana wa kumfundisha kucheza dansi ili miguu ijifunze kusikilizana. Kisha ndipo wakasogea chini ya kikapu. Zoezi lilikuwa rahisi kulieleza: simama chini ya kikapu, rusha mpira kwa mkono wa kulia ukigongesha ubao, udake kabla haujagusa chini, hamia upande wa pili, rusha kwa mkono wa kushoto, udake, rudi kulia. Mara mamia kila siku. Mtindo wake wa kurusha ulikuwa wa ubavu: anampa mpinzani bega, mkono ulionyooka unapita juu ya kichwa kama upinde, mpira unaondoka pale ambapo mpinzani hawezi kuufikia. Zoezi hilo mpaka leo linaitwa kwa jina la Mikan, na watoto wanaoanza kikapu duniani kote hulifanya bila kujua huyo Mikan ni nani. Hata sisi tulifundishwa tukiwa kidato cha pili na hatukuwahi kuuliza.

Walimu wetu wa falsafa hutueleza mafundisho ya Aristotle, yaliyoendelezwa na Mtakatifu Thomas wa Akwino, kwamba fadhila haiingii kwa kuisoma bali kwa kuitenda mpaka iwe kama asili ya pili. Mifano wanayotoa ni ya wajenzi na wapiga kinubi. Kwa kweli mfano wa Mikan ungetusaidia zaidi kabla ya mtihani.

Ndani ya miaka michache yule aliyeambiwa hana mwendo alikuwa hazuiliki. Alisimama mbele ya kikapu chake na kudaka mipira ya wapinzani ikiwa inashuka, mpaka mwaka 1944 vyuo vikaandika sheria ya kukataza kuugusa mpira unaoshuka kikapuni, kwa sababu yake na ya mchezaji mwingine mrefu, Bob Kurland. Mwaka 1945, katika mashindano ya NIT jijini New York, DePaul iliifunga Rhode Island State 97 kwa 53. Mikan peke yake alifunga pointi 53, sawa na timu nzima ya upande wa pili. DePaul ikachukua kombe.

Mwaka 1946 aliingia kwenye mchezo wa kulipwa, akisaini na Chicago American Gears mkataba wa dola 60,000 kwa miaka 5. Kwa wakati ule zilikuwa fedha nyingi mno. Timu ilichukua ubingwa wa ligi ya NBL mwaka 1947, kisha mwenye timu akajitoa na kuanzisha ligi yake mwenyewe, ikafa ndani ya majuma machache. Wachezaji wakagawanywa kwa timu nyingine, na Mikan akaangukia Minneapolis Lakers, timu changa iliyokuwa chini ya kocha kijana John Kundla. Mwaka 1947 huohuo alimwoa Patricia, wakapata watoto 6, na ndoa yao ilidumu mpaka kifo.

Ni lazima tuseme pia jambo ambalo wasifu wa mabingwa wa enzi hizo hupenda kulipita haraka. Wachezaji weusi wa Marekani walikuwa karibu wote wamefungiwa nje ya ligi kubwa. Walicheza katika timu zao, kama New York Renaissance na Harlem Globetrotters. Mwezi Februari 1948, mbele ya watazamaji 17,823 jijini Chicago, Lakers walicheza na Globetrotters. Wengi walitegemea Mikan na wenzake washinde bila shida. Globetrotters walishinda 61 kwa 59 kwa mpira uliorushwa kutoka mbali na Ermer Robinson muda ukiisha. Mwaka huohuo Lakers walikutana na Renaissance katika fainali ya mashindano ya dunia ya timu za kulipwa, wakashinda kwa shida 75 kwa 71, na Mikan alihitaji kufunga 40. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu yeyote mwenye macho kudai kwamba wachezaji weusi hawana kiwango. NBA ilifungua mlango mwaka 1950.

Sasa tufike kwenye fainali tunayoipenda kuliko zote. Ni ya mwaka 1949, ligi ilipokuwa bado inaitwa BAA, miezi michache kabla ya kuungana na NBL na kuwa NBA. Lakers walikutana na Washington Capitols. Kocha wa Washington alikuwa Red Auerbach, ambaye baadaye aliipa Boston ubingwa mara 9. Bingwa ni timu ya kwanza kushinda michezo 4 kati ya 7.

Mchezo wa kwanza ulikuwa tarehe 4 Aprili. Lakers 88, Washington 84. Mikan alifunga 42. Auerbach akaamua kumzingira kwa watu wawili, wakati mwingine watatu. Mchezo wa pili Mikan alifunga kidogo, lakini wenzake walibaki bila ulinzi, wakashinda 76 kwa 62. Wa tatu, 94 kwa 74. Mitatu kwa sifuri. Ulibaki mmoja tu.

Katika mchezo wa nne, Jumamosi ya tarehe 9 Aprili, Mikan alianguka baada ya kugongana, akavunjika mfupa wa mkono. Washington wakashinda 83 kwa 71. Kesho yake ilikuwa Dominika ya Matawi. Jumatatu ya Juma Kuu aliingia uwanjani na plasta ngumu mkononi. Fikiria mtu ambaye kazi yake yote inategemea viganja, amefungwa kiganja kimoja, na mabeki wanajua ni kipi. Alifunga 22, lakini Washington walishinda tena, 74 kwa 66. Mitatu kwa miwili. Timu iliyokuwa imekwisha ikawa imefufuka, na iliyokuwa bingwa ikaanza kuogopa.

Mchezo wa sita ulikuwa Minnesota, tarehe 13 Aprili, Jumatano ya Juma Kuu. Lakers walishinda 77 kwa 56. Mikan, na plasta yake, alifunga 29. Katika michezo 10 ya mtoano mwaka ule alifikisha pointi 303. Ubingwa ulipatikana siku moja kabla ya Alhamisi Kuu. Kama kuna aliyesherehekea kwa nyama Ijumaa iliyofuata, basi hilo ni kati yake na muungamishi wake.

Ubingwa mwingine uliofuata tutaupita haraka: 1950, 1952, 1953 na 1954. Ukijumlisha na ule wa NBL wa 1947 na 1948, alichukua ubingwa mara 7 katika misimu 8. Mwaka 1950 waandishi wa shirika la habari la Associated Press walimpigia kura kuwa mchezaji bora wa kikapu wa nusu karne. Wakati mmoja Lakers walipofika New York walikuta ubao wa matangazo wa uwanja umeandika jina la Mikan kuwa ndiye anayecheza na timu ya New York, kana kwamba Lakers ni yeye peke yake. Wenzake wakakaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo na nguo zao za kawaida, wakamwambia aende akacheze mwenyewe. Utani ule ulikuwa na dawa ndani yake. Inasemwa aliupokea kwa kicheko.

Sheria ziliendelea kumkimbiza. Mwaka 1951 NBA iliongeza upana wa eneo lililo mbele ya kikapu kutoka futi 6 hadi 12, ili asisimame karibu sana. Kabla ya hapo, Novemba 1950, timu ya Fort Wayne ilipata njia nyingine ya kumzuia: kukaa na mpira bila kurusha. Mchezo uliisha 19 kwa 18, Fort Wayne wakashinda, na Mikan alifunga 15 kati ya zile 18 za Lakers. Watazamaji walichoka kupita kiasi. Michezo ya namna hiyo ndiyo iliyoleta sheria ya mwaka 1954 kwamba timu yenye mpira lazima irushe ndani ya sekunde 24. Kila tukicheza jioni baada ya kazi za mikono, na mmoja wetu akang'ang'ania mpira, huwa tunamhesabia sekunde hizo kwa sauti.

Alistaafu mwaka 1954 mwili ukiwa umechakaa. Alikuwa amevunjika mifupa 10 katika mchezo. Alirudi kidogo mwaka 1956, haikumfaa. Alikuwa amesomea sheria DePaul huku akicheza, akawa wakili. Mwaka 1956 aligombea ubunge wa Marekani kwa chama cha Republican, akashindwa. Akawa kocha wa Lakers msimu wa 1957-58, akashinda michezo 9 na kupoteza 30, akajiuzulu. Tunaona vema kuyataja haya, kwa sababu wasifu wa watu wakubwa tunaosoma mara nyingi hukata miaka ambayo mambo hayakwenda. Mwaka 1967 aliongoza ligi mpya ya ABA, akaleta mpira wenye rangi nyekundu, nyeupe na bluu, na ligi hiyo ndiyo iliyoipa umaarufu pointi 3 za mbali.

Uzee wake ulikuwa mgumu. Kisukari kilimshika, figo zikashindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa juma. Mwaka 2000 walimkata mguu wa kulia chini ya goti, mguu wa mtu aliyefundishwa upya kutembea na Meyer. Gharama zilimzidi. Waliostaafu kabla ya mwaka 1965 walipewa pensheni ndogo sana na ligi ambayo wao ndio walioijenga, ikiwa sasa inalipa vijana mamilioni ya dola. Mikan alitumia nguvu zake za mwisho na elimu yake ya sheria kudai haki hiyo, kwa ajili yake na ya wazee wenzake wengi ambao hawakuwa na jina kama lake. Hakuona mwisho wa madai hayo.

Alifariki tarehe 1 Juni 2005, Scottsdale, Arizona, akiwa na miaka 80. Shaquille O'Neal, mchezaji mrefu wa zama zetu aliyewahi kuvaa jezi ya Lakers, alijitolea kulipia mazishi. Ray Meyer, aliyeanza kumfundisha akiwa kijana, alimfuata mwezi Machi 2006.

Mwezi Oktoba 2022 Lakers, sasa wa Los Angeles, walitundika namba yake, 99, juu ya ukumbi wao, isivaliwe tena na mtu. Miaka 62 ilikuwa imepita tangu wahame Minneapolis.

Tulipopata ruhusa ya kutoka tena tulirudi Mchikichini kwa yule yule muuzaji. Jezi ya njano ilikuwa imeshauzwa. Alikuwa na namba 8 na 24 za Kobe Bryant, na tulipomwomba 99 alitutazama kama watu wanaotaka kumpotezea muda wa biashara, akatuonesha jezi ya Chicago na kusema hiyo ndiyo inayokwenda. Tukamsimulia kidogo habari za Mikan. Alisikiliza mpaka tulipofika kwenye seminari, akauliza kama mama yake alikasirika alipoacha. Hatukuweza kumjibu. Akasema wa kwake alikasirika miaka miwili, na akatupunguzia bei ya raba.